Hesabu ya Chaji: Safari Yangu ya Kwanza Angurai

Malaba haina usiku. Basi letu kutoka Nairobi lilifika kabla ya alfajiri, na mji ulikuwa macho: mama wa chai amekwisha washa jiko, vijana wa kubadilisha pesa wameshika mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda, na barabarani malori yamepangana hadi macho yanachoka kuyafuata. Mengi yalibeba makontena ya aina ile ninayoyaona kila siku yakishushwa Kilindini, kwetu Mombasa. Mafuta, mitumba, ngano, vyuma: kila kilo inayokwenda Kampala au Kigali kwa njia hii sharti ipite hapa yenyewe, ikaguliwe, igongewe muhuri, kisha ivuke mto Malaba juu ya magurudumu au juu ya reli.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na sikuwa nimewahi kufika magharibi ya Eldoret. Rafiki niliyesoma naye chuoni anafundisha Angurai, katika Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, na kwa muda mrefu amekuwa akinisihi nimtembelee. "Mwalimu, njoo mwezi wa tatu, mvua zinapoanza," aliniambia kwa simu. "Huko kwenu chaji mnaichora ubaoni. Huku inashuka yenyewe."

Neno lile ndilo lililonitoa Pwani.

Kulipopambazuka, jiwe la Tororo lilichomoza upande wa Uganda, limesimama peke yake juu ya tambarare. Nilikuwa nikilitafuta kwa sababu nyingine kabisa. Wengi wanaujua mpaka huu kwa malori yake, lakini kwa mwalimu wa fizikia Tororo ni mlango wa umeme. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Mwaka 1955 yakafanyika makubaliano ya kuiuzia Kenya megawati 30, na kufikia 1958 waya za kilovolti 132 zilikuwa zimetandazwa kutoka Tororo hadi Nairobi. Tangu hapo taa za Nairobi, kilomita mamia kutoka Jinja, zikawa zinawaka kwa nguvu za maji ya Nile.

Nilisimama kando ya foleni ile na kikombe cha chai mkononi, nikijiuliza swali ninalowauliza wanafunzi wangu kila mwaka: ni nini hasa kilichovuka mpaka katika waya zile?

Jibu limo ndani ya atomu. Waya kubwa za umeme wa masafa marefu hutengenezwa kwa aluminiamu iliyozungushiwa kiini cha chuma kilichopakwa zinki, ili ziwe nyepesi na zisikatike. Kila atomu ya aluminiamu ina protoni 13 zenye chaji chanya katika kiini chake, na elektroni 13 zenye chaji hasi nje ya kiini. Elektroni 10 zimeshikwa imara. Tatu za nje zimelegea, na ndani ya chuma hazina atomu moja ya kuiita yao. Huzurura kutoka jirani hadi jirani. Mtambo wa Jinja unapozunguka, huzisukuma elektroni hizo mbele, kisha huzivuta nyuma, mara 50 kila sekunde. Kila moja husogea umbali usiofikia hata unene wa unywele, ikarudi pale ilipokuwa. Katika miaka yote hiyo hakuna elektroni ya Jinja iliyowahi kusafirishwa na mkondo ule hadi Nairobi. Kinachosafiri ni msukumo wenyewe, ambao hupita katika nafasi inayozizunguka waya kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Lori la Malaba lisipovuka, mzigo haufiki. Umeme ulivuka, ukapimwa kwa mita na kulipiwa, na hata gramu moja ya kitu haikuhama nchi.

Kutoka Malaba nilipanda pikipiki kuelekea kaskazini. Barabara iliacha lami na kuingia katika udongo mwekundu, mashamba ya muhogo na mtama kulia, mahindi machanga kushoto, na mbele yetu mlima Elgon umevaa wingu la kwanza la asubuhi. Hii ni nchi ya Wateso, na jamaa zao wengi wako ng'ambo ya pili. Hadi mwaka 1902 eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Ndipo Waingereza walipouhamisha mkoa mzima kwenda upande wa Kenya, na baadaye mstari wa mpaka ukawagawa watu ambao mazishi, harusi na masoko yao hayakuujua mstari. Kila tulipopunguza mwendo nilisikia salamu ile ile kutoka vibarazani: "Yoga!" Nami nikaitikia: "Yoga!"

Nyumbani kwa rafiki yangu tulipokewa na mama yake mzazi, ambaye kila mtu pale alimwita "toto", yaani mama, nami nikamwita vivyo hivyo. Alituandalia atap, ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, pamoja na kunde zilizoungwa kwa njugu. Nilikula hadi akaridhika. "Watu wa Mombasa wanajua kula," alimwambia mwanawe kwa Kiswahili ili nami nisikie. Chakula kile kingenirudia akilini baadaye, kwa njia ambayo sikuitarajia.

Shule ya rafiki yangu iko juu ya mwinuko, na uwanja wake umezungukwa na miembe na mikaratusi. Asubuhi iliyofuata anga lilikuwa safi na hewa kavu. Kidato cha kwanza, waliokuwa wakisoma kwa mtaala wa 8-4-4, walikuwa wamefikia mada ya chaji iliyotulia, nami nikaombwa nifundishe kipindi kimoja. Nilichukua kalamu ya plastiki, nikaisugua kwenye sweta ya mwanafunzi wa mbele, nikaisogeza juu ya karatasi zilizochanwa vidogo vidogo. Zikaruka na kuing'ang'ania kalamu.

Kwetu Mombasa jaribio hili halina hakika. Hewa ya bahari imejaa unyevu. Maji hutanda juu ya plastiki utando usioonekana, na chaji huponyoka kabla karatasi haijatikisika. Nimezoea kuwaambia wanafunzi kile ambacho wangepaswa kukiona. Hapa kila dawati liliona kwa macho yake, na darasa likajaa mlio wa kalamu zikisuguliwa.

Kilichotokea ni hiki. Sweta na kalamu viliposuguana, elektroni kadhaa zilitoka kwenye nyuzi za sweta zikahamia kwenye plastiki. Kalamu ikawa na ziada ya chaji hasi. Sweta ikabaki na upungufu wa kiasi kile kile, ikawa chanya. Karatasi haikupewa chochote. Ila kalamu ilipoikaribia, elektroni za karatasi zilisukumwa kidogo upande wa mbali, upande wa karibu ukabaki chanya, na kwa kuwa uko karibu zaidi ukavutwa. Nilisisitiza jambo moja: zilizozidi kwenye kalamu ndizo zilizopungua kwenye sweta. Hakuna hata moja iliyoumbwa, na hakuna hata moja iliyopotea.

Msichana aliyeketi nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, kama kila kitu kina chaji, mbona kiti hiki hakinipigi?"

Nimefundisha miaka mingi na sijapata swali bora kuliko hilo. Kiti chako, nilimjibu, kimejaa chaji kupita unavyoweza kuwaza. Katika gramu moja tu ya mbao zimo elektroni nyingi kadiri ya tarakimu 3 ikifuatwa na sifuri 23. Hakikupigi kwa sababu kila elektroni imo pamoja na protoni yake. Protoni ina uzito wa mara 1,836 wa elektroni, hazifanani kwa lolote, lakini chaji zao ni sawasawa kabisa, moja chanya na moja hasi. Zikijumlishwa, jumla ni sifuri. Nikawaambia makadirio ya mwanafizikia Richard Feynman: watu wawili wakisimama umbali wa mkono mmoja, na kila mmoja akawa na elektroni zaidi ya protoni kwa asilimia moja tu, nguvu ya kusukumana kwao ingetosha kuinua mzigo mzito kama dunia nzima. Nguvu hiyo imo ndani ya kila mmoja wenu. Mnaketi kwa utulivu kwa sababu hesabu imesawazishwa.

Darasa lilinyamaza, kisha maswali yakamiminika. Nani aliziona hizo elektroni? Nikawaeleza jinsi J. J. Thomson, kule Cambridge mwaka 1897, alivyopima miale iliyopinda mbele ya sumaku na umeme, akaonyesha kwamba ndani ya atomu zimo chembe ndogo zaidi zenye chaji hasi. Robert Millikan wa Chicago, kuanzia 1909, alipima matone madogo ya mafuta yaliyoelea kati ya bamba mbili zenye umeme, akakuta kwamba chaji haikatwi nusu: kila tone lilibeba kipimo kimoja, au viwili, au vitatu, au zaidi, lakini daima kipimo kizima. Na mwaka 1911 Ernest Rutherford alionyesha kwamba chaji chanya yote ya atomu imekusanyika katika kiini ambacho kipenyo chake hakifikii sehemu moja ya elfu kumi ya kipenyo cha atomu. Kiti, kalamu, mkono: karibu kila kitu tunachokigusa ni nafasi tupu inayolindwa na chaji.

Siku nyingine rafiki yangu alinipeleka Kakapel, kwenye milima ya Chelelemuk. Ni kibanda cha mwamba, jiwe kubwa lililoinama likawapa watu kivuli kwa maelfu ya miaka. Ukutani kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, maumbo ya mistari na ng'ombe wenye pembe, na tangu 2004 mahali hapa ni mnara wa kitaifa. Nilidhani nimekuja kuona michoro. Kumbe nimeletwa kwenye somo la pili la atomu.

Chini ya jiwe lile wanaakiolojia, wakiwemo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walichimba, wakauchuja udongo kwa maji na kuokota mbegu zilizoungua katika meko ya watu wa kale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Ilipatikana kunde iliyoungua miaka 2,300 hivi iliyopita, ya kale kuliko kunde nyingine yoyote ya kulimwa iliyopimwa umri Afrika Mashariki. Ulipatikana pia wimbi wa miaka 1,000 hivi. Nilikumbuka sahani ya toto: kunde na wimbi. Watu waliokaa chini ya jiwe hili walikula tulichokula sisi.

Umri huo ulisomwa katika kiini cha atomu. Miale inayotoka nje ya dunia hugonga hewa ya juu na kung'oa nyutroni, chembe zisizo na chaji ambazo James Chadwick alizitambua mwaka 1932. Nyutroni kama hiyo ikiingia katika kiini cha naitrojeni chenye protoni 7, protoni moja hutoka na nyutroni hukaa mahali pake. Zimebaki protoni 6, na chochote chenye protoni 6 ni kaboni. Hii ina nyutroni 8, ndiyo kaboni 14. Ni haba mno, yapata atomu moja katika kila trilioni za kaboni, lakini mmea huivuta pamoja na hewa yake wakati wote ungali hai. Ukifa, hauvuti tena, na kaboni 14 iliyomo huanza kupungua: kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Katika kunde ya Kakapel robo moja hivi ilikuwa imekwisha geuka. Katika wimbi wa miaka 1,000, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi.

Inageuka vipi? Nyutroni moja ndani ya kiini huwa protoni, na wakati huo huo elektroni moja hurushwa nje. Nyutroni haikuwa na chaji. Sasa ipo chanya moja na hasi moja, na jumla yake bado ni sifuri. Kanuni ile ile ya kalamu na sweta imetunzwa ndani ya kiini, katika punje ya kunde iliyolala gizani tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Nilimwambia rafiki yangu hapo hapo kwamba sijui kitabu chochote kinachoieleza kanuni hiyo vizuri kuliko kilima hiki.

Tulipokuwa tukirudi, wingu lililokuwa juu ya Elgon lilikuwa limevimba na kuwa jeusi chini. Hivi ndivyo alasiri zilivyo huku mvua zinapoanza: jua hupasha ardhi, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda miteremko, na kufikia saa tisa au saa kumi ngurumo huanza. Tuliingia nyumbani mbio, toto akafunga dirisha, na tukaketi mbali na ukuta. Mwanga ulipopiga, rafiki yangu akahesabu kwa sauti hadi ngurumo ikafika: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kupita kilomita moja. Radi ilikuwa kilomita mbili kutoka tulipo.

Juu kabisa ya wingu lile kuna baridi ya barafu, hata hapa karibu na ikweta. Punje nzito za mvua ya mawe hushuka zikigongana na vipande vyepesi vya barafu vinavyopanda, na katika kugongana huko elektroni huhama. Vipande vyepesi hupeleka chaji chanya juu. Punje nzito hubaki na chaji hasi chini ya wingu. Ni kusuguana kule kule kwa darasani, kwa kiwango cha mlima. Tumbo la wingu likijaa chaji hasi, huzisukuma elektroni zilizo juu ya ardhi, na ardhi ya Angurai, miti yake na mapaa yake, hugeuka chanya. Hewa ikishindwa kuzitenganisha chaji hizo mbili, njia hufunguka. Kwa sehemu ya sekunde hupita mkondo unaofikia makumi ya maelfu ya ampea, na hewa ya njia hiyo hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka kwa ghafla; ndiyo ngurumo. Wingu limelipa lilichodaiwa na ardhi.

Mvua ilipotulia toto alisimulia jinsi jirani alivyopoteza ng'ombe watatu waliokuwa wamejikinga chini ya mwembe, ilhali radi iliupiga mti wenyewe. Watu walisema imetumwa. Maneno kama hayo yanasikika kote magharibi ya Kenya, na sikuja kumdharau anayeyasema, kwa maana aliyefiwa hutafuta sababu. Nilimweleza toto kwa taratibu. Radi ikishuka katika mti, chaji hutawanyika ardhini kwa duara, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma, na tofauti kati ya miguu hiyo hupitisha mkondo katikati ya mwili, palipo moyo. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo aliyepigwa anaweza kuguswa?" aliuliza. Anaweza, nilimwambia, na anapaswa kuguswa. Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na chaji ya kumdhuru anayemsaidia. Moyo wake ukisimama, kukandamizwa kifua mapema kunaweza kumrudisha. Toto aliyarudia maneno yale kwa Kiteso kwa wajukuu waliojazana mlangoni, mara ya kwanza pole pole, mara ya pili kwa mkazo.

Nilifikiria ng'ambo ya mpaka. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Baadaye mtandao wa wataalamu wa radi unaoitwa ACLENet, wenye makao Uganda, ulianza kuzifungia shule mifumo ya kinga, ikiwemo hiyo ya Runyanya. Mfumo wenyewe ni fimbo za chuma juu ya paa, waya nene za kushuka, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Kazi yake ni kuipa chaji njia iliyo rahisi kuliko mwili wa mtoto.

Kabla sijaondoka, darasa lile la kidato cha kwanza liliandika kanuni za mvua kwa Kiswahili na kwa Kiteso, wakazibandika kwenye ubao wa matangazo. Ukisikia ngurumo, umekwisha kuwa karibu vya kutosha kupigwa: acha mpira, toka shambani. Usijikinge chini ya mti. Gari lenye bodi ya chuma ni kimbilio zuri. Kibanda cha mabati kisicho na waya wa kupeleka chaji ardhini hakitoshi. Ndani ya nyumba, kaa mbali na waya, mabomba na kuta. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Viatu vya mpira havizuii kitu kilichopasua kilomita za hewa. Aliyepigwa, msaidie mara moja. Msichana wa kiti cha nyuma ndiye aliyeandika sababu chini ya kila kanuni, na hakuna sababu hata moja aliyolazimika kuikariri.

Nimerudi Pwani nikiwa na imani moja iliyo wazi. Mtaala wa 8-4-4 uliiweka chaji katika fizikia ya kidato cha kwanza na muundo wa atomu katika kemia ya kidato cha pili, vitabu viwili tofauti, mbali na wingu lililo dirishani. Mtoto wa Angurai anazaliwa akiwa na maabara: waya za mpaka, kunde ya Kakapel, radi ya kila alasiri ya mwezi wa tatu. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi ataelewa kwamba hesabu ya chaji husawazishwa daima, na kwamba la kuamua ni njia gani itakayotumika kuisawazisha. Njia hiyo tunaweza kuijenga. Kila shule iliyo juu ya mwinuko, Teso Kaskazini na ng'ambo ya mto, inahitaji waya wake wa kwenda ardhini, uliofungwa na fundi anayejua vipimo, na serikali za kaunti na wizara za elimu za nchi zote mbili zina wajibu wa kuufunga. Fizikia yake inafundishwa ndani ya madarasa hayo hayo ambayo bado hayajalindwa, na mvua za mwaka ujao hazitangoja.